Macho Meusi ya Gari la Guku

Jumapili, 15 Juni

Baba kasema leo baada ya Misa. Gari la Guku linauzwa. Kasema huku anakata kucha, kama mtu anayetaja kwamba chumvi imeisha!

Sababu: juzi jioni akitoka Zagayu nusura agonge ng'ombe watatu. Taa za mbele zimekuwa za njano kama chai ya rangi, haziangazi mbali kuliko bampa. Gari lisiloona, kasema, ni mzigo wenye magurudumu. Mnunuzi ni Mzee Ngeleja wa Kasoli. Anakuja Jumamosi. Mama akauliza mzee wa umri ule anataka gari la nini. Baba akajibu kwamba hataki gari, anataka injini, ya mashine yake ya kusaga. Bodi atafugia kuku.

Kuku!

Nilitaka kusema neno. Nikafungua mdomo, nikatia ugali. Ndivyo nilivyo. Kila muhula mwalimu wa darasa huandika kwenye ripoti, kwa Kiingereza na tena kwa Kiswahili ili asiwepo wa kusema hakuelewa: Kabula haongei.

Mchana wote nimekaa ndani ya gari, kiti cha nyuma, mahali pangu. Guku ni babu yangu mzaa baba, ametutoka mwaka juzi. Msimu wa pamba alikuwa ananichukua hadi Kasoli kwenye mizani. Si mbali, lakini kwa Guku ilikuwa safari ya nusu siku, maana alisimama kumsalimia kila mtu, na akishamsalimia mtu anauliza hali ya ng'ombe wake, mmoja mmoja. Dirisha langu bado limebanwa na kijiko chake. Viti bado vinanuka ugoro, na kwa chini kidogo dagaa wa Kalemela, wale waliomwagika nilipokuwa darasa la pili.

Nimeapa. Kuku hatataga kwenye kiti changu.

Jumatatu, 16 Juni

Nimepata njia! Gari linauzwa kwa sababu halioni. Likiona, haliuzwi. Rahisi kama moja na moja.

Nimechukua simu ya Mama nikatafuta. Kumbe taa inafunguliwa! Unaing'oa kwenye gari, unaipasha moto, gundi inalainika, kioo kinatoka kama kifuniko cha sufuria. Unasafisha, unapaka rangi, unarudisha. Kijana wa kwenye video anaongea Kiingereza cha mbio, ila nimemwelewa vizuri. Anasema weka kwenye oveni dakika kumi. Hakusema asiye na oveni afanyeje.

Bahati mbaya mtu pekee ninayemjua aliyewahi kufanya hivyo ni Joakim, mtoto wa Baba Mdogo. Alipaka nyeusi taa za gari la baba yake, na tangu hapo anatembea kama kazaliwa Dar. Nimekaa nyuma ya choo chao robo saa nikijipa moyo. Akanikuta hukohuko. Akacheka hadi akashika ukuta. Akauliza eti dada Kabula umekuja kusalimia choo?

Lakini kanipa kopo la rangi nyeusi ya kupuliza, limebaki nusu. Kasema nipake fremu tu, ile ya pembeni. Kile kikombe king'aacho kinachozunguka balbu nisikiguse kabisa. Karudia mara tatu, kidole juu, kama katekista.

Nikamwona. Wivu huo! Hataki taa zangu ziwe nyeusi kushinda zake.

Jumanne, 17 Juni

Baba na Mama wako shambani wanachuma pamba. Nimesema tumbo linauma. Bisibisi, spana namba kumi, saa tatu kamili za jasho. Skrubu moja imekatika. Moja imeruka, sijui iko wapi hadi sasa. Taa zote mbili zimetoka! Gari linatisha lilivyo, matundu mawili matupu. Nimelifunika uso kwa gunia la pamba, ili Baba asione. Na mimi nisione pia.

Sasa moto. Nikakumbuka jinsi Mama anavyooka keki: sufuria kwenye jiko, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Lakini taa ya gari si keki, inahitaji sufuria kubwa. Sufuria kubwa mtaani ni moja, la Jumuiya yetu ya kanisani, nalo linatunzwa na Shangazi Violeth.

Nilifanya mazoezi njiani. Nitasema: Shangazi, naomba sufuria, basi. Nikafika, nikaamkia, akauliza la nini. Ulimi ukafa. Nikasema makande. Akauliza makande ya nini, kuna shughuli gani? Nikasema ya Guku. Sijui ilitoka wapi! Shangazi akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Akasema mwanangu, watoto wa siku hizi wanaokumbuka wazee wao ni wachache. Akalibeba mwenyewe hadi kwetu, kichwani.

Naona aibu. Ila sufuria ninalo.

Jumatano, 18 Juni

Siku mbaya kuliko zote. Niandike haraka kabla sijafa.

Taa ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Makaa chini, makaa juu, dakika kumi. Nikaitoa kwa matambara, nikapenyeza bisibisi, gundi ikavutika nyuzinyuzi nyeusi, na kioo kikatoka! Nikaruka juu. Harufu ya gundi ile ikanirudisha mbali. Guku alikuwa anatupikia ulimbo wa kunasia ndege, kutoka utomvu wa mkuyu. Tunaupaka kwenye vijiti, tunalala kifudifudi kwenye majani, hakuna kucheka. Hatukuwahi kunasa ndege hata mmoja. Tulinasa kofia ya Guku.

Nikaweka taa ya pili. Mama alirudi mapema akaingia ndani kupumzika, hakuniona. Basi nikasikia nyimbo.

Wanajumuiya! Kumi na wanane, wamevaa sare, kila mmoja ana bakuli. Shangazi Violeth mbele. Alikuwa amewaalika wote kwenye makande ya kumbukumbu ya marehemu.

Mama akatoka na macho ya usingizi. Akawapokea kama aliyekuwa akiwasubiri. Mama ni hodari. Wakasali. Wakamwombea Guku. Mimi nilisali kuliko wote. Kisha Shangazi akasema harufu ya makande haya mbona ngeni, labda yanashika chini. Akasogea. Akapangusa makaa. Akafunua.

Taa ya gari ikamtazama.

Akasema Yesu na Maria! Mfuniko ukaanguka. Mama mmoja akauliza hiyo inaliwa na mboga gani.

Nikakimbilia ndani ya gari. Nikasikia Mama anawaambia makande yamechelewa, lakini michembe ya viazi ipo, na karanga zipo. Akawapikia kwenye sufuria letu. Wakakaa hadi jua likapungua nguvu, wakimsimulia Guku. Jinsi alivyochelewa harusi yake mwenyewe kwa kusalimia watu njiani. Jinsi alivyokuwa akimpisha mbuzi barabarani na kumshukuru. Walicheka sana. Nilikuwa nasikiliza kwenye tundu la dirisha, pale pa kijiko. Nilicheka na nikalia, vyote kwa pamoja, na dagaa wa Kalemela wananinukia.

Walipoondoka Mama akaja, akanitazama, akatazama gunia lililofunika uso wa gari. Akalifunua kidogo, akalirudisha. Afadhali fimbo! Mwisho akasema nisugue sufuria la watu hadi nione uso wangu. Hilo la uso nimeliona. Lilikuwa na masizi.

Alhamisi, 19 Juni

Leo rangi. Nimesafisha vioo kwa msasa laini na dawa ya meno, vinameta. Nikapaka fremu nyeusi. Pazuri. Nikatazama kile kikombe cha balbu. Kinang'aa tu, cheupe, kama jino la fedha kwenye kinywa cha mtu mnyenyekevu. Nikasikia sauti ya Joakim: usikiguse kabisa.

Nikakipaka. Vyote viwili. Hadi ndani.

Ni vyeusi tii! Nimewahi kuona vitu vizuri, lakini hivi!

Tatizo ni gundi. Ya zamani imekauka na kubomoka. Kijana wa video ana mrija wa gundi mpya, mimi sina. Nikafikiri nusu saa, kisha nikacheka peke yangu. Ulimbo! Mkuyu uko palepale, nyuma ya zizi. Nimegema, nimechemsha na mafuta kidogo kama Guku alivyofanya, nimepaka ukingo mzima, nimebana kwa vibanio vya nguo. Imeshika kama deni la ukoo. Guku angeona angesema nini? Angeuliza kwanza ng'ombe hawajambo.

Ijumaa, 20 Juni

Nimerudisha taa. Skrubu mbili hazipo, nimefunga kwa waya. Gari la Guku lina uso mpya! Nilisimama mbele yake. Nilijua kesho Baba ataliwasha, mwanga utapiga ukuta, atasema halo, hili haliuzwi.

Nikawasha.

Giza la banda likabaki giza la banda. Nikadhani nimekosea waya. Nikaenda mbele, nikachungulia. Balbu zinawaka, ndiyo. Kwa ndani kabisa, kama njiti mbili za kiberiti kwenye chungu. Nikaweka kiganja mbele ya taa. Kiganja hakikuona kitu.

Kumbe kile kikombe ndicho kinachotupa mwanga. Kumbe Joakim hakuwa na wivu.

Zamani gari lilikuwa linaona hadi bampa. Sasa halioni hata hiyo bampa. Nimelipofusha gari la Guku mkesha wa kuuzwa kwake. Jamani! Nimelirudishia gunia usoni, nikalala kwenye kiti cha nyuma mchana kutwa. Ndiyo mara ya mwisho, nikajua. Nimekihesabia kiti kila tundu.

Jumamosi, 21 Juni

Mzee Ngeleja kafika saa nne, kofia ya pama, fimbo mkononi. Mwangaluka kwa Baba, mwangaluka kwa Mama. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni.

Gari lilikuwa limetolewa juani tangu asubuhi, gunia bado usoni. Baba akavuta gunia. Akaganda. Juani ulimbo ulikuwa umeyeyuka, umetiririka hadi kwenye bampa, na kwenye bampa kuku mwekundu wa Mama amenasa miguu yote miwili, anapiga mabawa, anawaita watakatifu wote wa kuku.

Mzee Ngeleja akasema kumbe mmeshaanza kufuga, mngenisubiri.

Wakamnasua kuku kwa mafuta ya alizeti. Baba alikuwa ananitafuta kwa macho, na macho yale hayakuwa ya salamu. Nikasogea. Sikuwa na pa kwenda. Nikangoja mzee atoe spana aanze kupasua injini.

Lakini mzee kachuchumaa mbele ya taa. Akatupa kofia nyuma kidogo. Akasema alikuwa na ng'ombe dume wa jembe, jina lake Askari, macho meusi hivi hivi, kama amepakwa masizi. Kalima misimu kumi na minne. Alipozeeka watu wakamjia na visu, wakimwambia nyama hiyo. Akakataa. Alimwacha afe kwa uzee chini ya mgunga, na akamzika. Nyama nzima, akazika! Wakamcheka Kasoli nzima.

Akainuka kwa kushikilia boneti. Akasema mwenye macho kama haya mimi simchinji. Injini ya kusagia nitatafuta kwingine. Hili nitaliendesha.

Baba, kwa uaminifu wake, akamwambia taa haziwaki sawasawa. Mzee akajibu usiku ni wa kulala, nani kamtuma mtu usiku? Kisha akauliza nani kayafanya macho haya. Baba akaninyooshea kidole, kama anamshtaki mtu.

Ikanilazimu. Nikasema: Mimi, shikamoo.

Sauti ilitoka! Mbele ya mgeni! Mzee kanipa mkono, wa kulia, ameuegemeza kwa wa kushoto, kama mtu mzima kwa mtu mzima.

Na akaondoka nalo. Kuku hawatalikalia. Lakini limekwenda. Nilifanikiwa na nikashindwa kwa kazi ileile, sijui niandike lipi kwanza. Lilipokata kona nikaona kijiko changu kinameta dirishani.

Baba hakunipiga. Alibaki bandani akitazama doa la oili pale gari liliposimama miaka yote. Nikasimama karibu naye. Hakusema kitu, nami sikusema kitu. Nikajua ukimya huu nimeutoa wapi.

Jumatano, 25 Juni

Joakim ameleta habari. Kaliona gari mnadani. Mzee Ngeleja anakwenda nalo pole pole, madirisha wazi, anasimama kumsalimia kila mtu, na watoto wanakimbia nyuma wakiliita Askari. Nilifurahi hadi nikaingia chooni kufurahi peke yangu.

Joakim akaongeza, kidole juu, kwamba anatumaini nimepata fundisho. Nikamwambia ndiyo. Nimelitafakari sana fundisho hilo. Kosa langu lilikuwa kushughulikia taa za mbele peke yake.

Nimemwandikia Mzee Ngeleja barua, leo hii, kwa Kiswahili kizuri. Nimemweleza kwamba gari lenye macho meusi mbele na mekundu nyuma linasikitisha, na kwamba taa za nyuma zinafunguliwa vilevile, nina ujuzi. Kazi ni bure. Ila gari itabidi lilale hapa kwetu. Siku mbili. Nne, rangi ikichelewa kukauka.

Rangi nitakayotumia mimi huchelewa sana kukauka.