Nyumba ya Karibu na Stesheni

Jumatatu, 2 Agosti 1954. Itigi.
Mzee Idrissa anauza nyumba! Nyumba yetu. Baba aliijenga, akamuuzia mzee huyu pale wakubwa wa reli walipomhamishia baba Tabora. Ukitoka mlangoni, stesheni hii hapa, soko lile pale. Mama alikuwa akinituma chumvi maji yakiwa motoni, narudi hayajachemka. Sasa nimepanga chumba kwa watu. Naitaka. Naumwa kwa kuitaka.

Jumanne, 3 Agosti.
Febronia naye anaitaka! Yuleyule aliyenishinda kushona tulipokuwa shule. Aliniuliza sokoni, mbele za watu, mwalimu asiye na mume nyumba nzima ataifanyia nini, afugie vitabu? Nilicheka. Nilipofika chumbani nililia. Kisha wazo! Febronia hawezi wageni. Akimwona ndugu njiani huficha kuku.

Jumatano, 4 Agosti.
Nimekwenda stesheni. Abiria walikuwa wakingojea gari la moshi juani. Nikawaambia barazani kwa Mzee Idrissa kuna kivuli, maji na moyo mwema. Wakainuka wote, na mizigo, na mbuzi.

Ijumaa, 6 Agosti.
Ushindi! Sasa kila abiria anangojea gari kwa mzee, na kina mama waliotoka kijiji cha Mkiwa wanapika uji uani. Febronia alikuja, akakuta nguo za watoto zimeanikwa madirishani. Akamwambia mzee yeye alitaka nyumba, si behewa. Akaondoka! Nilibaki nimeegemea ukuta. Harufu ya ule uji ilikuwa ileile ya siku za mama. Naye hakuruhusu msafiri aondoke na njaa. Kwa kitambo nilisahau kilichonileta.

Jumapili, 8 Agosti.
Nilikwenda kwa mzee na akiba yangu yote. Shikamoo. Marahaba binti yangu, kaa, ule kwanza. Akasema hauzi tena! Tangu mkewe afariki, ukimya ndio uliokuwa ukimfukuza. Sasa nyumba ina watu. Aliyewaleta, Mungu ambariki. Je, mwalimu hamjui, ili amshukuru? Nikasema nitauliza.

Jumatatu, 9 Agosti.
Sijakata tamaa. Kosa lilikuwa dogo tu. Mzee anahitaji mke, si wageni! Mke mwenye nyumba yake, mbali, mzee amfuate huko. Nimempata: mjane wa Ihanja, mcheshi, mpishi hodari. Ni shangazi yake Febronia, amekuja kumtembelea. Amekubali kwenda kumsalimu mzee kesho. Anasema Ihanja imemchosha, siku hizi anapenda mahali pa karibu na soko. Yote yanakwenda vizuri.