Ombi la Nafasi Kundi la Vipepeo, kwa Ajili ya Mgongo Wangu

Härnösand, 9 Februari

Kwako Mkuu wa Chekechea ya Kottebo, Bi Gunvor Ahlqvist,

Kwanza naomba radhi kwa kuchelewa kuandika. Jambo hili lilianza Oktoba. Novemba niliandika nusu ukurasa, mwanangu mchanga Malte akautapikia. Desemba siikumbuki. Najua pia kwamba hapa tunaitana majina tu, wewe Gunvor na mimi Evelina, na juzi tulisalimiana dukani mbele ya friji la maziwa. Lakini malalamiko yangu ni mazito, ndiyo maana nimekuita Bi.

Yanahusu masaji. Binti yangu Ylva, wa miaka mitano, yuko kundi la Vipepeo kwa Bi Pernilla. Kila siku baada ya chakula watoto hukaa wawili wawili na kukandana migongo, nguo zikiwa mwilini. Karatasi mliyotutumia nimeisoma: inapunguza ugomvi, inatuliza moyo, inaleta usingizi. Sipingi hata neno. Ninacholalamikia ni mgawanyo.

1. Ylva hukandwa na Vilgot, mtoto wa fundi bomba. Walianza na mtindo wa hali ya hewa: vidole vya mvua, viganja vya upepo, ngumi laini za radi. Sasa wako kwenye piza: unga unakandwa, mchuzi unapakwa, jibini inanyunyizwa kwa ncha za vidole. Anarudi nyumbani amelegea kama tambi iliyoiva. Anayemvua ovaroli ya theluji, buti na suruali mbili za sufu ni mimi, nimeinama, kiuno kikilia kama mlango wa banda.

2. Malte, wa miezi mitano, anachuliwa mafuta kila asubuhi. Kliniki imeagiza hivyo: tumbo kwa kuzungusha kiganja kufuata mwendo wa saa, miguu kwa kuminya taratibu kuanzia pajani. Gesi inatoka, analala. Mchuaji ni mimi.

3. Mume wangu Jesper analipiwa na kiwanda cha mbao mkando wa nguvu, ule wa viwiko, unaofika misuli ya ndani kabisa. Akirudi anasema, "Wee acha tu, nimezaliwa upya." Kwa hiyo sasa nina watoto wachanga wawili.

4. Mama mkwe wangu, Solveig, huwekewa mawe ya moto mgongoni kila mwezi, na magoti yamelainika mpaka ameanza tena kucheza dansi. Hilo nalifurahia kwa dhati. Lakini farasi wake naye ana mkandaji wake. Anakuja kila Jumanne na gari lake, anamkanda shingo na mapaja saa nzima. Nilipouliza kama angeweza kupitisha mkono mabegani kwangu kabla hajanawa, Solveig aliniambia, "Mwanangu, huyo amesomea farasi." Farasi mwenyewe hajabeba mtu tangu Agosti. Mimi nabeba kila siku.

5. Hili ndilo linaloniuma. Jioni Ylva anamkanda baba yake. Anamkanda dubu wake. Juzi alikanda mto wa kochi, tena akiuuliza kwanza, "Naruhusiwa?" kama mlivyomfundisha. Akifika kwangu, anapita. Tangu Oktoba. Kumwomba siwezi, mama hampigii magoti mtoto aliyemzaa. Nimewaza sana nikiwa nakunja nguo, na sababu nimeiona moja tu: mimi si mwanafunzi wa Vipepeo.

Kwa hiyo naomba nafasi. Nina miaka thelathini na mmoja. Navaa viatu mwenyewe, naenda chooni mwenyewe (ingawa nyumbani hufuatwa hadi humo), nakula kila kitu, na kulala baada ya chakula hamtanibembeleza. Nikipigwa, sirudishi. Vilgot akinikubali kuwa mwenzake, nitamkanda zamu yake yote bila kuiba dakika.

Naomba niletewe fomu ya kujiunga, ndoano ya koti yenye picha ya kindi, godoro la mapumziko la mita moja na sentimita sabini na mbili, na mpira mmoja wa miiba laini, ule wa kubingirisha mgongoni.

Nisalimie Bi Pernilla, mpishi wenu, Vilgot, na baba yake Vilgot. Bomba letu bado linavuja, lakini hilo si la barua hii.

Wako, mwenye mabega mazito,
Evelina Norlund

Nyongeza: Ylva amenikuta naandika, akataka nimsomee. Amesikiliza mpaka namba tano, kisha akasema, "Lakini Mama, mimi nilikuuliza. Ulikuwa unamnyonyesha Malte. Ukasema hapana, usiniguse, nimeguswa vya kutosha leo." Nikamwuliza mbona hakuuliza tena. "Bi Pernilla anasema mtu akikataa usimsumbue. Unangoja aseme mwenyewe."

Amengoja miezi minne, Bi Gunvor.

Basi nimesema mwenyewe. Haya nayaandika nikiwa kifudifudi kwenye zulia. Uyoga wa piza ameuzidisha, lakini mikono yake ina joto. Orodha ya juu ifuteni yote. Ninavyohitaji bado ni hivi: glavu ya Ylva ya mkono wa kushoto iliyobaki huko kwenu, nyekundu, yenye jina, na somo linalofuata, mapema iwezekanavyo, maana wamefundishwa kuingiza piza kwenye oveni tu, kuitoa bado, na iko mgongoni mwangu.