Ombi la Kurudishiwa Mama Yetu Aliyehamia Melini

Ndugu Nahodha,

Salamu, na pole kwa mawimbi. Mimi ni kifungua mimba wa yule mama mstaafu anayeishi kwenye meli yako ya watalii, chumba cha juu chenye kibaraza. Alikuwa muuguzi. Alipostaafu ilibidi aache nyumba ya kazi, nasi wanawe tukaitisha kikao, tukampangia zamu za kulea wajukuu. Muda ulituishia kabla ya kufika kwenye ajenda ya mahali atakapolala. Akatusikiliza vizuri, akafunga begi. Tulidhani anakuja kwa mmoja wetu, kumbe anakuja kwako, na kiinua mgongo chake chote.

Kwa heshima zote, malalamiko yetu ni haya:

1. Mnamtandikia kitanda. Mama yetu hajawahi kutandikiwa kitanda na mtu, na sisi ni mashahidi, maana hatujawahi kumtandikia.

2. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huu ni mwaka wa pili na hata ufagio hamjampa! Mnatuharibia mzazi.

3. Kila asubuhi mhudumu wako humuuliza angependa kula nini. Nani kawatuma? Mtu aliyelea watoto watano kwa kula ukoko, mkishamuuliza hivyo, harudi tena. Juzi nilimpigia simu anieleze namna ya kumbembeleza mtoto, akaniambia nimpigie baadaye, yuko kwenye dansi. Dansi, Nahodha, na magoti yale yale yaliyokuwa yakimuuma kila tukimletea mapacha wa dada anayenifuata.

4. Sasa tunalea wenyewe. Mdogo wangu ndiyo kwanza amegundua kwamba mwanawe hapatani na maziwa. Mtoto ana miaka saba, na bibi yake alijua siku zote. Tumeanza kuwafahamu watoto wetu, na kusema kweli si watu rahisi.

5. Hili ndilo lililotuchoma. Meli ilipotia nanga mjini kwetu, ukoo mzima tulikwenda bandarini kumchukua, tukabeba kabisa na nguo chafu za wiki ili asikae bure. Akatokea kibarazani na miwani ya jua, akatutazama mmoja mmoja.

"Wanangu, mmekula?"

Tukajibu kwa pamoja, kama tulivyozoea, kwamba bado.

"Basi rudini nyumbani mkapike," akasema, akatupungia mkono. Nililia pale pale gatini, sikufichi.

Kwa hiyo tunaomba uigeuze meli, umrudishe. Ikishindikana, mhamishie chumba karibu na injini, aamshwe usiku kuulizwa soksi ziko wapi, na kila akifika mezani aambiwe chakula kimekwisha. Akijisikia yuko nyumbani, atakumbuka nyumbani.

Wasalimie mabaharia, wapishi, na huyo mwalimu wa dansi, ambaye tungependa kujua kama ana mke.

Wako mwenye uchungu na mzazi wake,
Kifungua mimba, kwa niaba ya wadogo zangu wote

N.B. Kabla ya kufunga bahasha tumekaa kikao kuamua akirudi atalala kwa nani. Kila mtu akaangalia simu yake. Dada ana wageni, mdogo wangu anapaka rangi nyumba, na mimi kile chumba cha ziada nimeshaweka mashine ya mazoezi. Kwa hiyo tafadhali usigeuze meli kwanza. Akiuliza, mwambie tumekula.