Pikipiki Yangu Haitalala Nje

Jumamosi, 18 Oktoba

Baridi ya kugandisha inaingia wikendi ijayo. Redio imesema. Mke wangu Libérate amesema pia, mara tatu, na yeye hakosei. Pikipiki yangu nyekundu bado iko nje ya jengo letu hapa Fittja, kando ya mapipa ya taka. Mwaka jana niliiacha hapohapo chini ya nailoni. Aprili nikakuta betri imekufa, tenki lina kutu, panya wamezaa ndani ya chujio la hewa. Nikahangaika nayo hadi Agosti. Nikaiendesha majuma matatu, na majira ya joto yakaishia hapo.

Mwaka huu haiwezekani. Binti yetu Felicia anamaliza sekondari Juni. Huku mtoto akimaliza shule huvaa kofia nyeupe na kuzungushwa mjini kwa shangwe, kwa lori, kwa gari, kwa chochote. Yeye kaniomba nimbebe kwa pikipiki. Mimi! Kaomba mwenyewe, bila kusukumwa na mama yake. Halafu akaongeza, kwa Kiswidi chake cha haraka, kwamba pikipiki ikigoma atamwomba mjomba.

Mjomba ni Léonidas, kaka wa Libérate, shemeji yangu. Anakaa Hallonbergen. Ana pikipiki kubwa yenye mabegi mawili, na gereji ambayo hata misumari ina rafu yake yenye jina. Leo kapiga simu kunipa nafasi humo. Nikamshukuru, nikamwambia nina mahali pazuri zaidi.

Sina mahali.

Jumapili, 19 Oktoba

Baada ya ibada Léonidas akatoa somo la kulaza pikipiki wakati wa baridi. Mbele za watu, kikombe mkononi! Akaanza na panya wangu wa mwaka jana. Watu wakacheka, mpaka mchungaji. Kisha maelekezo: osha, badilisha oili, toa betri, ziba ekzosi, funika kwa kitambaa na siyo nailoni, maana nailoni hutoa jasho. Tenki lijazwe hadi juu lisishike kutu, lakini...

Baada ya lakini sikusikia. Sambusa zilikuwa zinaisha.

Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayeyajua yote tangu utoto. Kisha nikaenda msalani nikayaandika kwenye kiganja.

Jumanne, 21 Oktoba

Siku mbili za kutafuta. Chumba cha baiskeli: kuna tangazo, chombo chochote cha petroli marufuku. Balkoni: nimepima lifti kwa fagio, pikipiki haiingii. Felicia kanikuta nimelala na fagio sakafuni mwa lifti. Hakuuliza kitu. Siku hizi haulizi tena.

Jioni ilikuwa zamu yetu ya kufua. Nikashuka na kapu chini kabisa ya jengo. Nikafungua chumba cha kukaushia nguo. Joto! Ukavu! Mlango wa nyuma unaotokea uani bila ngazi hata moja! Nilisimama pale na soksi mkononi, machozi yakinilenga.

Zamu ya kufua hapa ni sheria. Kila nyumba ina kufuli dogo lenye namba yake. Unalifunga kwenye ubao, penye siku yako, na chumba ni chako. Sisi tuna moja. Lakini jirani yetu Obedi wa ghorofa ya tatu yuko Kigoma hadi Januari, na ameniachia ufunguo nimwagilie maua yake. Kufuli lake limetundikwa jikoni. Siku yake, siku yangu, siku yake, siku yangu, mpaka Aprili. Ya Januari tutayaona Januari.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kazi imekwisha! Libérate yuko kazini hadi jioni. Nimeosha. Oili nimebadilisha, ya zamani imo kwenye karai la mchicha, kwa muda tu. Betri iko chini ya kitanda, upande wangu. Ekzosi nimeiziba kwa soksi ya Felicia ya kuchezea mpira. Tenki nimelijaza kituoni mpaka petroli ikachungulia nje.

Kikabaki kitambaa. Kabatini kuna vitenge kumi na vinne, sare ya harusi ya Inès, binti wa Léonidas. Harusi ni tarehe kumi na tano Novemba. Libérate ndiye shangazi wa bibi harusi, kwa hiyo ndiye mtunzaji. Fundi atavichukua Jumatatu. Nikaazima kimoja. Lakini pikipiki iliyofunikwa kitenge inaonekana wazi kabisa kuwa ni pikipiki iliyofunikwa kitenge. Nikaazima vyote. Vile kumi na vitatu nimevitundika kwenye kamba kuizunguka, kama nguo zilizofuliwa. Hadi Jumapili tu. Kufikia hapo nitakuwa nimepata mashuka.

Jumamosi, 25 Oktoba

Barafu kwenye vioo vya magari yote! Pikipiki yangu iko kwenye joto. Nimempigia Léonidas kumwuliza, kwa unyenyekevu, kama gereji yake ina joto. Akasema haina. Nikampa pole, kwa sauti ndefu.

Mlangoni pa chumba kuna kikaratasi cha Rebecka, bibi wa ghorofa ya kwanza. Katika jengo hili watu hawagombani, wanaandikiana. Anauliza kwa adabu ni nguo za nani hizi zisizokauka siku mbili. Nikajibu hapohapo chini kwamba pamba ya Afrika ni nzito, nikatia sahihi: Zakayo, ghorofa ya tano. Mchana akajibu kuwa amechungulia kwenye kioo cha mlango na ni vitambaa vizuri kuliko vyote alivyowahi kuona. Nikajisikia mnyonge kidogo.

Jioni kikaratasi kingine, kifupi. Kuna harufu.

Nimeandika kwamba ni rangi.

Jumapili, 26 Oktoba

Petroli ikipata joto hutanuka na kupanda. Hilo ndilo lililokuwa baada ya lakini.

Imechuruzika kutoka kwenye kifuniko cha tenki, ikalowesha kitenge cha juu, ikatambaa sakafuni. Vitenge vilivyogusa sakafu vikainywa. Vingine vikashika harufu. Asubuhi Rebecka akaita zimamoto, na alifanya vyema. Jengo zima likasimama uani na ndara kwenye baridi. Leo alfajiri saa zilirudishwa nyuma, kama huku wafanyavyo kila vuli, kwa hiyo hata siku ya kuaibika nimeongezewa saa moja.

Zimamoto mmoja akatoka amekumbatia vitenge. Libérate alivitambua kabla hajanitafuta mimi kwa macho. Alivipokea, akavinusa kimoja kimoja, akalia. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na sijawahi kumliza mke wangu mbele za watu. Nilitamani zimamoto wanichukue na mimi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Barua ya wenye nyumba: chombo kiondoke leo. Kufuli letu limezuiwa mwezi mzima, na la Obedi pia, maskini.

Léonidas kaja na trela. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, hata nilishavaa uso wa kuisikiliza. Yeye akanusa kitenge cha harusi ya bintiye, akaketi kwenye ngazi.

“Shemeji,” akasema, “ungeniambia tu kwamba huna mahali.”

Basi. Heri angenihutubia.

Kisha Felicia akashuka. Mtoto huyu hunijibu kwa Kiswidi tangu ana miaka sita. Leo kasema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno.

“Baba, pikipiki ikifa tutatembea kwa miguu. Mimi nataka uwe wewe tu.”

Nikasema baridi ya huku inaumiza macho.

Masharti ya Léonidas: pikipiki ikae Hallonbergen, kwenye ubaridi mkavu. Betri na ufunguo wa pikipiki akae navyo yeye hadi Aprili. Mimi nisiiguse. Nikaapa mbele ya wote watatu, yeye, Libérate na Felicia. Fundi kapigiwa simu, kakubali kusubiri hadi Ijumaa. Tukapunguza mafuta tenkini, tukafunga trela, wakaenda zao, yeye na pikipiki yangu.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimevianika vitenge uani siku mbili. Nimevifua mara tano, kwa mikono yangu, sabuni na siki, kwenye beseni nje, vidole vikiwa vyekundu. Mara ya sita Rebecka akatupa zamu yake mwenyewe ya mashine. Hakuandika kikaratasi, alipanda ghorofa tano kuja kusema. Libérate akamkaribisha chai. Mimi sikukaribishwa, lakini nilimiminiwa.

Jumamosi, 15 Novemba

Harusi, ukumbini Skärholmen. Inès kapendeza, sare zimependeza. Rebecka kaalikwa, kashonewa gauni, akawa anacheza kwa kuchelewa kidogo lakini kwa moyo wote. Harufu hakuna. Sawa, muziki ulipokolea na akina mama wakatoka jasho, ikaja kaharufu ka kituo cha mafuta. Mshereheshaji akaomba mishumaa ya mezani izimwe. Ukumbi mzima ukanigeukia. Libérate akacheka hadi akashika meza, ndipo nikajua nimesamehewa. Tukacheza. Nikamwahidi sikioni kwamba sitapanga tena jambo bila kumwuliza kwanza.

Jumapili, 7 Desemba

Digrii kumi chini ya sifuri. Léonidas yuko Bujumbura hadi Januari. Ufunguo wa gereji kaniachia mimi, nikague paa theluji ikizidi. Mimi! Nimeguswa sana.

Nimekwenda Hallonbergen kukagua paa. Paa ni zima. Basi nikaitazama na pikipiki, kwa kuwa nilikuwa palepale. Nikashika usukani. Hiyo haihesabiki kama kugusa. Baridi kama jiwe! Nikamfikiria Felicia na kofia yake nyeupe, Juni, amenishika kiunoni, na pikipiki hii imelala hapa ikitetemeka peke yake.

Niliapa kutoigusa. Kuhusu hita ya umeme ya kutia joto hakuna aliyesema kitu. Obedi anayo moja chumbani, ndogo, haitumii. Nikaifuata Fittja, nikarudi nayo. Nimeiweka mbali na tenki kadiri waya ulivyofika. Waya ni mfupi. Libérate sijamwuliza, maana huu siyo mpango, ni hita tu.

Nikaiwasha kwenye moja. Nilipofika stesheni nikarudi nikaiweka kwenye mbili.