Koo Langu na Wageni wa Port Victoria

Jumatatu, 8 Juni 1987

Barua imefika. Watu wa Port Victoria wanakuja Jumamosi kumposa binti yangu Awuor. Watu kumi na wawili! Kila mmoja na macho yake mawili.

Nina miaka sitini na tatu na naogopa watu. Basi, nimesema. Siku niliyoagwa kazini, kule kwenye kiwanda cha pamba, nilisimama, nikasema "Mimi," nikakaa. Nikakaa kwenye mapaja ya mke wa meneja.

Sasa mwenye boma lazima asimame awakaribishe wageni. Awuor amenieleza polepole, kana kwamba mimi ndiye mtoto: nikinyamaza watajua nimekataa, watachukua kofia zao waende. Na huyo Tom wake anampenda kweli, macho yake yanasema. Mdogo wangu Ouma, ambaye hakuna matanga Kisumu hii hajahutubia, amejitolea kusema badala yangu. Wageni wadhani yeye ndiye baba? Afadhali nife.

Jumanne, 9 Juni

Nimepata njia. Nitapoteza sauti! Mgonjwa hakatai, mgonjwa anaugua tu. Nani atanilaumu? Nimefunga skafu ya mke wangu Dorca shingoni, nikaandika kwenye karatasi: KOO LIMEKWISHA. Dorca akaisoma, akanitazama sana, akaenda sokoni kununua dagaa wa omena. Kazi safi. Nimelala mchana kutwa kama mfalme.

Jumatano, 10 Juni

Yawa! Nilisahau kwamba Dorca yuko kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa, na hao mgonjwa hawamwachi. Wamekuja kumi na wanane, na kayamba. Mimi niliyekuwa nawakimbia kumi na wawili! Wengine walikaa kitandani kwangu, nami nimo. Kila mmoja aliuliza nilianza kuugua lini. Nimeandika majibu mpaka penseli ikaisha.

Kisha mmoja wao, Mama Nabwire, akanimiminia mdomoni dawa ya kwao: tangawizi, chumvi na pilipili. Nikapiga kelele iliyosikika barabarani. Wakashangilia: Haleluya, amepona! Wakaimba, wakaruka, kitanda kikavunjika mguu. Jioni mchungaji ametuma salamu kwamba Jumapili nitoe ushuhuda mbele ya kanisa zima. Sasa nina hotuba mbili. Mungu anisamehe, lakini nilikuwa na hali nzuri zaidi nikiwa mgonjwa.

Ijumaa, 12 Juni

Kutwa najifunza kusema "Wageni wetu wapendwa." Nimewahutubia kuku. Wanne wakasimama kunitazama, nikatoka jasho. Kuku! Ouma akapita, akacheka mpaka akashika ukuta, akaniarifu kwamba yeye ameandika kurasa saba. Nikamwambia boma ni langu na maneno ni yangu.

Jumamosi, 13 Juni

Walifika saa sita. Niliona kofia na miavuli dirishani, miguu ikanipitisha mlango wa jikoni hadi chooni, kule uani. Nikatia komeo. Nilijiambia ni dakika mbili tu.

Nusu saa ikapita. Nikamsikia Ouma akianza ukurasa wa kwanza, na mkubwa wao, Mzee Wanyonyi, akimkatiza kwa heshima kwamba hawakuja kumsikia baba mdogo. Mwenye msichana yuko wapi? Ouma akasema nina shughuli. Shughuli! Wageni wakanong'onezana, viti vikasukumwa.

Kisha nikasikia nyayo za Awuor nje ya mlango. Hakunigombeza. Alisema tu, akilia: Baba, wanaondoka.

Moyo uliniuma vibaya sana. Komeo likiwa bado limefungwa, nikapaza sauti yote niliyonayo: Karibuni, wazee! Kaeni! Mimi ndiye baba! Msichana anampenda kijana wenu, mimi nimekubali, na chakula ni tayari!

Mzee Wanyonyi akajibu kwamba amehudhuria posa nyingi na hajasikia hotuba fupi na tamu kama hiyo, na nisiharakishe, nimalize kwanza. Kofia zikarudi chini. Ouma alikunja kurasa zake saba. Awuor alicheka na kulia pamoja mpaka akakaa kwenye nyasi. Mimi nilikula jikoni.

Jumapili, 14 Juni

Nimefikiri usiku kucha, nimegundua jambo. Kumbe mimi ni msemaji hodari! Kinachonisumbua ni kuonekana tu. Harusi ni Agosti, na Awuor amenishika mkono akaniomba siku hiyo niseme neno kanisani. Nimeahidi. Siwezi kumwangusha mtoto wangu.

Kwa hiyo leo nimewahi kanisani kujipanga mapema. Dorca anasema mchungaji aliita jina langu mara tatu nitoe ushuhuda. Sikusikia. Nilikuwa nyuma ya kanisa, nahesabu. Kutoka choo cha wanaume mpaka dirisha la madhabahu ni hatua ishirini na nane. Dirisha likiwa wazi, sauti itafika.