Cheti cha Kutofika Ofisini

Kwa furaha kubwa na unyenyekevu wa wastani, naujulisha umma kwamba tatizo la wingi wa maombi ya kujiunga na chuo chetu limekwisha. Mwaka huu yaliletwa maombi elfu tisini kwa nafasi elfu tatu. Mafaili yalijaa korido mpaka mlango wa choo cha wakubwa ukawa haufunguki. Hapo ndipo Mkuu wa Chuo alipoona kwamba elimu imeingia hatarini.

Aliunda Kamati, mimi nikawa Katibu. Wajumbe walitaka tuongeze makarani wa kusoma. Niliwasikiliza kwa subira, kisha nikawaeleza kwamba ukisoma maombi unawapa watu moyo wa kuomba. Tukapitisha sharti moja tu: kila mwombaji aongeze kwenye faili lake cheti, chenye saini yangu, kuthibitisha kwamba hajawahi kufika ofisini kwangu kunisumbua.

Vijana walimiminika kufuata saini. Niliwapokea kwa heshima zote.

“Shikamoo, mzee. Nimekuja kuchukua cheti.”

“Marahaba. Kwa hiyo umefika?”

“Nimefika, mzee.”

“Basi umekosa sifa. Anayefuata.”

Sasa, mama anayefanya usafi ofisini kwetu ana binti aliyeongoza mtihani wa sayansi, na anautaka udaktari kufa na kupona. Mama huyo hakuniuliza kitu. Asubuhi moja, akipangusa meza, alichomeka cheti cha mwanawe katikati ya barua zangu. Mimi husaini kila kilichopo mezani kabla ya chai. Huo ndio ufanisi. Nilipogundua, nilimwita.

“Mama, huyu mtoto amefika hapa lini?”

“Hajafika, bosi. Hata geti halijui.”

Cheti kilikuwa cha kweli. Tukamsajili, yeye peke yake. Mkuu alinipongeza huku amenuna kidogo, maana mwanawe mwenyewe nilishamkaribisha ofisini kwa soda, na hivyo alikuwa amekosa sifa.

Limejitokeza jambo dogo. Kanuni za chuo, ambazo niliziandika mimi bila kuzisoma, zinataka uongozi mzima uthibitishwe kila mwaka kwa kura za wanafunzi wapya. Juzi binti aliingia ukumbini na daftari moja, amevaa viatu vya mama yake, akaketi kati ya viti elfu tatu vitupu. Mkuu alimwomba kura kwa sauti ya upole ambayo sikujua kama anayo.

“Shikamooni,” binti akasema. “Yale maombi elfu tisini yako wapi?”

“Stoo, mwanangu.”

“Yasomwe kwanza. Wenzangu wamo mle. Kura baadaye.”

Hivyo naujulisha umma kwamba mageuzi yameingia awamu ya pili. Mkuu anabeba maboksi, mimi nasoma kwa sauti. Tuko faili la mia mbili na kumi na moja, la kijana niliyemfukuza mwenyewe, na nakiri alama zake zinanitia aibu. Binti amekaa anasikiliza. Kila nikiruka ukurasa, ananiambia nirudie.