Kitanda Kitupu Nacho Kina Nauli

Jumanne, 2 Novemba 1993

Alhamdulillahi! Leo nimesahau hata kula. Na mahamri yalikuwa moto, ya Bi Mwanatabu, jirani yangu mjane wa mlango wa tatu, ambaye hapa Likoni hana mpinzani kwa mahamri. Kanifungia kwa kipande cha gazeti. Kwenye gazeti, chini ya doa la mafuta, picha ya meli. Lulu ya Kusi! Siku nne: Mombasa, Unguja, Pemba na kurudi. Bei maalumu kwa wenyeji. Kila abiria apewa vocha ya kutumia humo humo melini, kwa soda, kwa duka, kwa apendacho.

Meli hiyo naijua. Miaka ishirini na sita nilikuwa dobi Changamwe, na kila ilipotia nanga mashuka yake yalipita mikononi mwangu. Kila shuka nililitia alama pembeni, nukta tatu za uzi mwekundu, lisije likachanganyika na la meli nyingine. Nimefua, nimepiga pasi, nimekunja. Sijalilalia hata moja.

Sasa nimestaafu. Nina afya, nina meno, nina shilingi elfu tisa na mia tatu zilizobaki za kiinua mgongo. Nashukuru. Nataka kulala melini mara moja tu kabla sijafa.

Jumatano, 3 Novemba

Nimevuka feri hadi ofisi ya tiketi mjini. Nimepokewa na Bi Jael, mtu wa bara, mpole sana. Kaniketisha kwenye kiti chenye mto. Kanieleza bei. Wawili chumba kimoja: elfu sita kila mtu. Mmoja peke yake: elfu kumi.

Nikauliza, kwa nini? Akasema kitanda cha pili kitakuwa kitupu. Nikamwambia sitakigusa. Akasema hata hivyo. Nikaahidi kukitandika mwenyewe kila asubuhi, kazi naijua. Akasema hata hivyo. Kitanda kitupu nacho kina nauli! Hakili, hakinywi, hakitapiki, na chalipiwa elfu nne!

Halafu akanionyesha mstari wa chini. Maharusi wapya: elfu tisa kwa wote wawili, na vocha za elfu tatu kila mmoja. Nimeusoma mara tatu. Maana yake mtu mmoja ni ghali kuliko watu wawili waliooana. Nimerudi feri nzima nikilipigia hesabu jambo hili na bado sijalielewa. Lakini kile kiti kilikuwa kizuri. Nashukuru.

Ijumaa, 5 Novemba

Nimepata dawa. Nitasafiri na Abdillahi! Elfu sita mimi, elfu sita yeye. Abdillahi ni jirani yangu, alikuwa kuli bandarini, na kila jioni hujisifu kwamba yeye amewahi kulala melini. Ukweli ni kwamba alisinzia juu ya magunia ya kahawa ikabidi ashushwe kwa winchi.

Amekubali upesi. Kisha akasema yeye ndiye atakayelala kitanda cha dirishani, kwa kuwa ni mzoefu. Nikamwambia wazo ni langu, dirisha ni langu. Akasema yeye hukoroma, na mkoromaji ahitaji hewa. Tumebishana kutoka alasiri hadi magharibi juu ya dirisha ambalo hatujaliona. Mwisho kajitoa. Kasema heri afe hajasafiri kuliko kutazama mgongo wangu siku nne.

Nashukuru kwamba nimejua mapema kuwa hukoroma.

Jumatatu, 8 Novemba

Nimefanya jambo. 

Nimemwambia Bi Jael kwamba mimi ni bwana harusi. Kafurahi kikweli, hata nikaona haya. Kauliza jina la bibi harusi. Sikuwa nimelifikiria! Mkononi nilikuwa na kifurushi cha mahamri. Mdomo ukasema wenyewe: Mwanatabu binti Kombo, wa Likoni, mlango wa tatu kutoka kwangu. Kaandika lote.

Nimelipa elfu tisa, kanipa tiketi na vocha. Pesa hazirudi. Cheti cha ndoa kifike Jumatatu ijayo, isizidi hapo. Hapo jasho likanitoka. Lakini mimi si mtu wa kukosa mlango wa nyuma. Nikamwomba aandike kwamba jina moja laweza kubadilishwa, mambo ya wanawake hayatabiriki. Kakataa. Nikang'ang'ania mpaka foleni ikaanza kuguna. Kaandika, kapiga muhuri, nami nikatia sahihi ya madoido.

Cheti nitakipataje? Zimebaki siku saba, na siku saba ni nyingi. Akili ninayo.

Jumatano, 10 Novemba

Balaa! Keki!

Kampuni huwatumia maharusi wote keki. Sikuambiwa! Tarishi kavuka feri nayo, kaulizia nyumba ya Bi Mwanatabu binti Kombo, kaelekezwa. Kampelekea mlangoni pake, mbele ya wateja wa mahamri, juu imeandikwa kwa sukari: Hongera Mwanatabu na Rama. Rama ndiye mimi. Na miongoni mwa wateja, nani? Abdillahi.

Kabla ya adhuhuri vigelegele vimefika sokoni. Alasiri wamekuja wanawake wanane kunishutumu. Si kwa kuoa. Kwa kuoa bila walima! Wamesema nimechukua mke kimyakimya kama mwizi wa kuku, majirani hata punje ya pilau hawakuionja. Mmoja kalia machozi. Nimejifungia ndani. Wamenipigia vigelegele dirishani.

Hata hivyo, watu wanane wamenifurahia kwa siku moja. Tangu nistaafu hakuna aliyebisha mlango wangu. Nashukuru kwa hilo.

Alhamisi, 11 Novemba

Bi Mwanatabu kaniita. Nilitaraji mwiko wa kukaangia. Kanipa chai na kipande cha keki.

Kaniuliza habari ya meli, nikamweleza yote: mashuka, nukta tatu, kitanda kitupu, mstari wa chini. Kanisikiliza bila kunikatiza. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, kwamba jina lake limetembezwa Likoni nzima bila yeye kuulizwa, na yeye ana heshima yake. Basi nichague. Ama niende msikitini nikakiri uongo mbele ya watu, ama niende kwa kaka yake Jaffar nikaseme kama waungwana wasemavyo.

Nimetazama ile chai. Ilikuwa na iliki, na sukari kiasi nipendacho, na sikuwahi kumwambia napenda kiasi gani. Nikagundua kwamba nilitaka kwenda kwa Jaffar. Si kwa ajili ya cheti! Naam, kwa cheti pia. Lakini hata bila cheti. Wallahi sikujua kwamba moyo wangu ungali na nafasi hiyo.

Nimekwenda. Jaffar kakubali. Kesho baada ya sala ya Ijumaa.

Ijumaa, 12 Novemba

Nimeoa!

Na nimefanya jambo la akili kuliko yote maishani mwangu. Usiku kucha niliwaza mahari. Nina mia tatu tu. Kisha nikaona: tiketi zimeshalipwa! Kwa nini nilipe mara mbili? Maalim alipouliza mahari, nikasema kwa sauti ya kusikika uani: safari ya meli Lulu ya Kusi, chumba cha watu wawili, pamoja na vocha zake zote. Wazee wakaguna kwa kustaajabu. Mahari ya melini! Maalim akauliza, taslimu au ahadi? Nikasema taslimu, nikakabidhi tiketi na vocha papo hapo, mashahidi Abdillahi na Mbwana muuza samaki. Hata Abdillahi kanitazama kwa heshima.

Majirani wamechangishana mchele na mbuzi, walima umepikwa, pilau imewatosha watu wote. Sikutoa hata kitunguu. Nimekula nikitokwa na machozi ya shukrani, nao wakadhani ni pilipili.

Jumapili, 14 Novemba

Leo mke wangu kaniambia asante kwa mahari. Kasema dada yake Tima wa Bamburi, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, tangu apate habari hajalala kwa furaha.

Nikauliza, furaha ya nini? Akasema ya safari. Chumba cha watu wawili. Yeye na Tima.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kaniuliza kwa upole kama siku ya nikaha nilimtaja huyo mtu wa pili ni nani. Nimefikiri. Sikumtaja! Ameitwa Abdillahi, shahidi. Huyu Abdillahi asiyekumbuka hata alipoacha viatu vyake kayakariri maneno yangu yote, neno kwa neno, pamoja na kikohozi.

Nimekimbilia kwa Maalim. Kacheka mpaka tasbihi ikamponyoka. Kasema mahari ni mali ya mke, akitaka atampandisha mbuzi.

Jumatatu, 15 Novemba

Tumaini la mwisho: Bi Jael. Tiketi ni ya maharusi, na Tima si bibi harusi wa mtu. Lazima akatae!

Kapokea cheti cha ndoa, kanipongeza. Nikamweleza mkasa. Kafungua faili, kaniwekea karatasi mbele yangu. Kwa ombi la mteja, jina moja laweza kubadilishwa. Muhuri. Chini yake sahihi yangu, ile ya madoido.

Kalikata jina langu kwa mstari wa rula. Angalau kanipa kile kiti.

Ijumaa, 19 Novemba

Wameondoka.

Usiku uliopita nimewapigia pasi nguo zote, za Mwanatabu na za Tima, mpaka leso za mkononi. Tima kanishika mikono miwili, kasema yeye katika maisha yake yote hajawahi kwenda mahali bila kupika.  Ningemnyang'anyaje?

Saa kumi nilikuwa kivukoni. Feri imesimamishwa ili meli ipite. Watu wakasonya kwa kucheleweshwa, mimi nikasogea mbele kabisa. Ikapita karibu, nyeupe, kubwa, na kule juu leso mbili zikipungwa. Nimepunga mpaka bega likaniuma. Nimelia, sikatai. Nilitamani kuwa pale juu, na nilifurahi kwamba wao wako pale juu, vyote kwa pamoja.

Abdillahi alikuwa kando yangu. Hakusema lolote kuhusu dirisha.

Jumamosi, 20 Novemba

Nimejaribu kukaanga mahamri, wateja wasihame. Yametoka meusi, magumu. Abdillahi kanunua sita, kayala yote mbele yangu, kasema yana ladha. Kumbe nilikuwa na rafiki, nami sikujua!

Jumatatu, 22 Novemba

Amerudi! Nyumba imenukia iliki tena.

Kasema usiku wa kwanza hakulala. Mashuka hayakusuuzwa vizuri, yananuka sabuni, na pembeni yamekunjwa ovyo. Kasema alijilaza pale akijiuliza mume wake angesema nini. Sijapata kusifiwa hivyo na mtu yeyote.

Kisha kanipa kifurushi. Vocha zake hakuzinywea soda. Alikwenda kwa mkuu wa stoo ya meli akamwomba amuuzie shuka moja kuukuu, la zamani kabisa alilo nalo. Mkuu kashangaa, kakubali. Nimelifungua. Jeupe, limechakaa katikati. Nimegeuza pembe.

Nukta tatu. Uzi mwekundu.

Nimelitandika mwenyewe. Usiku huu nalala juu yake, hapa Likoni, na mke wangu pembeni. Ya Rabi, nakushukuru. Sina ninachotaka tena duniani.

Jumatano, 24 Novemba

Mahamri ya leo yamefungwa kwa gazeti la jana. Lulu ya Kusi! Ofa mpya ya Januari! Kwa wanaosafiri peke yao, wasio na mwenzi: kitanda kitupu hakilipiwi! Elfu sita tu, na vocha maradufu! Nimekuwa peke yangu miaka kumi na miwili, wameitoa siku ya kumi na mbili ya ndoa yangu.

Lakini nani ataniuliza? Nimevuka feri upesi. Bi Jael yuko likizoni, alhamdulillahi, mezani yuko bwana mwingine, mpole vilevile. Nimeandika: sina mke. Nimelipa arbuni, zile mia tatu zangu za mwisho. Kauliza nikipatwa na jambo ajulishwe nani. Nikampa jina la Mwanatabu. Uhusiano: dada.

Ni mpole kweli bwana huyu. Kasema msafiri mpweke naye kampuni humtumia zawadi nyumbani, keki iliyoandikwa jina lake na maneno ya kumtakia apate mchumba melini. Nimemshukuru sana. Nimemwambia walete tu, nyumba wanaijua.